Mama Analia Mkono

Gereji kwangu, uani kwa mama
Jumatatu, baada ya mvua

Kaka yangu mkubwa, Mchungaji,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, sauti haijakauka na koo halijapasuka kwa kazi ya Bwana. Mimi mdogo wako sijambo: mgongo unaniuma, kucha zimejaa rangi ya magari ya watu, lakini nipo, nadunda. Shemeji hajambo? Wanangu hawajambo? Yule wa pili, aliyerithi meno yangu mazuri na akili zako, mwambie baba yake mdogo anamsalimu, na asikubali kubadilishana na mtu. Mama naye yupo. Nimeandika "yupo" nikaishia hapo makusudi, kwa sababu habari za mama ndizo zilizonikalisha chini nishike kalamu, mimi ambaye tangu niache shule nimeandika zaidi kwenye milango ya malori kuliko kwenye karatasi.

Katibu wako alinipigia simu. Mtu mwenye adabu, anaongea kama anasoma tangazo la msiba. Akasema Mchungaji anaomba mama aletwe kwenye mkutano mkubwa wa Pasaka. Kwamba gari litatumwa, kiti chake kitakuwa mstari wa mbele, na siku ya kilele atapanda jukwaani kutoa ushuhuda: mama aliyemzika binti yake bila kulia, kwa kuwa anaujua ufufuo. Akaniambia hata kitambaa cha gauni kimeshachaguliwa, cheupe. Nikamwambia nitajibu kwa barua. Akashangaa, barua zama hizi? Nikamwambia kwenye simu Mchungaji anacheza nyumbani. Nikifika katikati ya sentensi wewe umeshaanza kuniombea. Kwenye karatasi hata ukisema amina mapema, mimi naendelea.

Kwanza nikupe habari za kazi, usije ukadhani nakuandikia kwa njaa. Kazi ipo. Hapa mtu akigonga gari lake, kabla hajamwambia mkewe ananiambia mimi. Juzi waliniletea gari la abiria lililolala mtaroni, ubavu wote umeingia ndani kama tumbo la mbwa wa mtu bahili. Mafundi wengine walikuwa wameshalisomea wasifu wa marehemu. Mimi nikalizunguka mara moja, nikatema mate, nikaagiza nyundo ya mbao. Leo ukipishana nalo barabarani utadhani limetoka kiwandani na linatafuta mchumba. Nasema hivi si kwa kujisifu. Basi, ni kwa kujisifu, lakini pia nataka uelewe jambo moja la ufundi kabla sijafika kwenye shina la habari. Bati likibonyea, fundi wa kweli anaingia kwa ndani, anapapasa mpaka aguse pale lilipoumia, kisha analigonga polepole kutoka hukohuko mpaka lirudi. Fundi mwongo anabaki nje. Anajaza puti kwenye shimo, anapiga msasa, anapaka rangi, gari linang'aa na mwenyewe anaondoka akipiga honi. Chini ya ile puti kutu inakula kimyakimya. Siku puti inapodondoka hukuti tena bati la kunyoosha.

Kaka, wewe ulimpaka mama puti. Nimeshasema. Sasa vuta pumzi, nikueleze.

Siku tuliyomzika Chiriku, kitinda mimba wetu, ulihubiri. Sikunyimi sifa yako. Mimi mpenda sifa naijua njaa yake. Dada yetu yule msusi, aliyekuwa akiongea mpaka mteja anasahau kwamba anavutwa nywele, figo zilikuwa zimemnyamazisha mbele ya macho yetu wote, na watu walikuja pale wakiwa wamevunjika. Ukawanyanyua. Ulisema Kristo amefufuka, kwa hiyo kaburi ni chumba cha kulala tu na Chiriku amejilaza. Ulisema anayelia kaburini anamtangaza Kristo kuwa bado amekufa. Kisha ukatoa lile neno lililopigiwa makofi, mpaka leo watu wanalirudia: kwamba kila chozi ni jiwe, unaliviringisha wewe mwenyewe kulirudisha mlangoni pa kaburi. Mama alikuwa ubavuni mwako. Jeneza lilipoanza kushuka akafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka ukamziba kwa kiganja. Taratibu, sikatai, kama mtu anayemfuta mtoto makombo. Watu wakasema haleluya. Mama akameza. Nilikuwa upande wa pili wa shimo, niliona koo lake likipanda na kushuka. Kesho yake mkapanda gari mkaondoka, una mkutano.

Tangu siku ile mama hakulia. Wewe kule zilikufikia habari ukashukuru. Mimi ninayeishi naye ukuta kwa ukuta niliona mengine. Aliacha kabisa kumtaja Chiriku. Vitu vyake akavigawa huku anatabasamu, vitana, vioo, hadi kile kiti cha kuzunguka ambacho marehemu alikuwa hataki mtu akikalie. Akawa ananitengenezea chai bila majani. Ananiletea kikombe cha maji ya moto na sukari, nami nakunywa, nasema leo mama umeiweza. Sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nilimwambia mama, lia kidogo, mimi nitagonga mabati kwa nguvu hata jirani hatasikia. Akaniangalia kama nimemtuma akaibe.

Kisha akaanza kwenda misibani. Akina mama wa kanisa walimtanguliza kwenye kundi lao la kufariji, maana mama wa Mchungaji ana ushuhuda. Anaingia kwa watu na gauni lake jeupe, anakaa karibu na mfiwa, na mfiwa akianza tu kuvuta kamasi, mama anamziba mdomo. Kwa kiganja. Taratibu. Mtaani wakampachika jina, Mama Kizibo. Walevi wenzangu wakawa wananiuliza, fundi, chupa iko wazi, mama yuko wapi? Nilicheka nao, kaka. Halafu nikarudi gereji nikaligonga bati ambalo halikuwa na kosa lolote.

Ikatokea jirani yetu, yule mwanamke dobi anayefua mashuka ya nyumba ya wageni, mwenye mikono kama ya mpasua kuni, akafiwa na mumewe. Mume mwenyewe alikuwa mkorofi, marehemu asinisikie, aliwahi kunirushia kiatu, na cha pili kikanikosa kikampata mbuzi. Lakini alikuwa wake. Mama akaenda na kundi lake. Mimi nilikuwa kwenye mabenchi ya wanaume, dirisha liko wazi, nikaona yote. Dobi alikuwa analia kama mtu anayekamua blanketi: anajisokota, anatulia, anajisokota tena. Mama akasogea, akapeleka mkono. Na dobi, bila hata kufumbua macho, akaung'ata. Usidhani ni ule mng'ato wa kutishia. Aliuchukua hapa kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, akashikilia, huku kilio kinatokea puani. Wakamwomba, wakamsihi kwa jina la Yesu, wapi. Ikabidi mama mmoja mwenye akili amtekenye kwapani ndipo akaachia.

Nikamkokota mama mpaka zahanati. Nesi, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni, akauliza ni mbwa? Nikamjibu hapana, ni mfiwa. Akaninusa; siku hiyo sikuwa nimekunywa, naapa. Akamwaga dawa kwenye kidonda. Mama akasema, "Ai." Neno dogo tu. Kisha akalisema tena kwa sauti, kisha likamfungua. Kaka, mimi nimeshafanya kazi na mashine za kukatia chuma, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia. Wagonjwa wa kwenye foleni walisimama. Nesi akamwambia mama, nimemaliza, sasa haiumi. Mama akasema inauma. Nesi akauliza inauma wapi. Mama akasema mkono. Mkono wangu jamani, mkono wangu mdogo, nimeubeba mwenyewe mgongoni, umeniacha.

Nesi akaniangalia, nami nikaangalia dari. Akavuta pazia, akavuta kigoda, akaushika ule mkono mwingine mzima, akakaa naye mpaka foleni ya nje ikaanza kunung'unika. Nesi yule hana cheo chochote kanisani, nijuavyo mimi.

Kidonda kilipona. Mkono haukupona. Kila siku akishafagia, mama anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anaulaza mkono mapajani, anaulilia. Ukimuuliza nini, anasema mkono. Mtaa mzima ukaelewa na hakuna aliyemwumbua, wamekuwa na utu kuliko nilivyowadhania. Wanapita wanasema pole na mkono, mama. Muuza magazeti anauliza mkono umeamkaje. Mimi nikipita na bomba langu la kupulizia rangi namuuliza, leo hali ya mkono? Ananijibu leo ni Jumamosi, ulikuwa unaipenda Jumamosi, wateja walikuwa wanajaa. Mkono gani huo wenye wateja, kaka? Lakini nasema ni kweli, walikuwa wanajaa mpaka nje.

Dobi akaja kuomba radhi. Alikaa ngazi ya chini, hataki kumtazama mama usoni, akasema yale meno hayakuwa yake, yalikuwa ya uchungu. Mama akamwambia panda juu, hapo kuna unyevu. Wakakaa. Mmoja akamlilia mrusha viatu, mwingine akaulilia mkono, hadi wakachoka, wakaanza kucheka habari ya yule mbuzi. Siku hiyo mama alikula sahani nzima. Chai yangu ikaja na majani yake.

Hapo mimi na ujuaji wangu nikaona nimalize kazi. Nikamuuliza, mama, si useme tu kwamba unamlilia Chiriku, nani atakukataza? Akageuka kutazama mlango, kana kwamba wewe umesimama nyuma yake. Akashusha sauti. Akaniambia kumlilia yeye hawezi, kwa sababu kila chozi ni jiwe.

Sikuelewa, akanieleza kama anavyoelezwa mjinga. Alisema siku ya maziko yalimtoka machozi mawili kabla hujamziba, kwa hiyo mawe mawili yako pale juu, na kila asubuhi anaomba yaondolewe. Alisema siku parapanda itakapolia, makaburi yote yatafunguka, watu watatoka wakipangusa vumbi, na Chiriku wetu atabaki ndani anasukuma. Anasukuma na hatoki, mwili wenyewe mdogo vile, kwa sababu tu mama yake alishindwa kujizuia. Na wale aliowaziba midomo alikuwa anawahurumia; hakutaka na wao wawafungie watu wao. Mkono ndio aliona hauna kaburi. Kwa hiyo mkono unaruhusiwa.

Kaka, wewe ulikuwa unapamba sentensi. Yeye alikuwa anaiamini.

Niliingia ndani nikachukua Biblia ya Chiriku. Unanijua mimi na Biblia, tunasalimiana kwa mbali kama watu waliowahi kuchumbiana. Lakini hasira ni mwalimu mzuri. Nikaitafuta habari ya Lazaro, maana ndiyo pekee ninayoikumbuka yenye kaburi na jiwe ndani yake, nikarudi kwenye ngazi, nikamsomea mama kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nakimbilia pale marehemu anapotoka na sanda zake. Mama akanisimamisha njiani. Akasema rudia hapo. Nikarudia pale ambapo Yesu analia. Akauliza, analia kabla ya kumfufua au baada? Nikamwambia kabla. Akauliza, lakini alikuwa anajua kwamba atamfufua? Nikamwambia alijua, alishawaambia wanafunzi wake wakiwa bado mbali. Mama akamwangalia nzi aliyetua kwenye ukurasa, mpaka akafanya ibada yake akaondoka. Kisha akauliza, na lile jiwe? Nikamsomea: likaondolewa, kwa mikono ya watu wa kawaida tu. Akasema, kwa hiyo halikuongezeka uzito.

Halikuongezeka, mama.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa napazunguka kama gari lisilo na usukani. Mama alinitazama akaniuliza swali ambalo hata wewe ungekosa jibu lake. Aliuliza, basi kaka yako, ambaye hakulia, ana imani kumpita Bwana mwenyewe?

Nikamwambia. Nimemwambia mama, kaka. Nimemwambia kwamba asubuhi ya maziko nilikutafuta tuondoke, nikakukuta hapa gereji, umejifungia ndani ya bodi tupu la lori nililokuwa nimetoka kulipaka rangi ya msingi. Umepiga magoti na suti yako, paji la uso umelibandika kwenye bati, unaita Chiriku, Chiriku, na unalia mpaka bati linavuma. Nilikufuta rangi usoni kwa kitambaa na mafuta ya taa, kama mtoto, wewe kaka yangu mkubwa. Ukanikaba kola ukaniapisha nisimwambie mtu yeyote, maana watu wanakutegemea. Nikanyamaza, mimi ambaye hata siri ya kikombe kilichovunjika sijawahi kuitunza. Nilinyamaza kwa sababu ndani ya lile bodi nilikupenda kuliko siku zote nilizokusikia ukihubiri. Halafu tukaenda makaburini, macho yako bado yana moto, ukamziba mama mdomo. Ulikuwa umeshakula umeshiba, ukamnyang'anya mwenzio sahani.

Kiapo nimekivunja na sikuombi radhi.

Nilidhani mama atakasirika. Aliuliza tu, alilia sana? Nikasema sana. Akasema kumbe machozi anayo. Akaukunjua ule mkono wenye kovu, akaufunga, akaukunjua. Alisema miezi yote hii alijiona ni yeye peke yake mwenye imani haba katika familia yenye mchungaji, akawa anaona haya hata kuomba mbele ya picha yako. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka: "Angeniita. Tungelia wote wawili mle ndani, tukatoka, tukaenda kuzika huku tunaamini."

Tangu hapo hasemi tena mkono. Anasema binti yangu. Analia vizuri, kwa sauti, halafu ananawa uso anakwenda sokoni kugombana na wauza nyanya.

Usije ukatangaza huko kwamba mama yako amerudi nyuma. Anaamini kuliko mimi na wewe tukichomelewa pamoja. Anasema Chiriku ataamka, hilo halimsumbui, aliyeahidi ndiye mwenye funguo. Lakini ataamka siku ile, na leo ni leo, leo amefiwa. Anasema ndiyo maana anaweza kulia bila kuogopa kuzama, kwa sababu chini ya machozi anakanyaga sakafu. Wasio na sakafu, kama mimi, alisema, ndio wanaojaza kwa pombe. Nilimwambia asinitolee ushuhuda mimi, auweke kwa ajili ya jukwaa lako. Hakucheka.

Na sasa anazunguka nyumba kwa nyumba, kwa wote aliowaziba midomo. Anakaa, anawaambia nilikosea, lieni, mimi nipo. Wengine wanamkumbatia. Wengine walishaganda, hakuna kitu kinachotoka tena. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefiwa na mwanawe wa pekee, alimfungia mlango usoni, akasema kupitia tundu la kitasa kwamba amechelewa. Mama alirudi akalala bila kula. Huyo naye mwandike kwenye mahubiri yako, maana ni sadaka ya neno lako moja lililopigiwa makofi.

Majibu ya mkutano ni haya, nimeyapokea kwa mama nami nayafikisha bila kuongeza chumvi. Gauni jeupe halitaki, analo. Jukwaani atapanda, kwa sharti kwamba wewe utangulie, uwaambie watu ulilia wapi. Ukisema hivyo, yeye atasimama karibu yako asimulie yake, na watakaotaka kulia kule uwanjani walie mpaka washibe, kisha ndipo uwahubirie kaburi tupu. Anasema hapo watakusikia. Kama huwezi, gari lisije. Njoo mwenyewe, bila katibu, upite mlango wa nyuma. Ngazi ile inatosha watu watatu wakibanana.

Mimi nimemwambia hutakuja. Nimemwambia nakujua, utasoma barua hii umesimama, utaikunja, utatafuta mama mwingine asiyelia, na wako wengi. Amenikatalia. Nikamuuliza kwa hiyo unamtegemea? Akasema hapana, kukutegemea aliacha siku ile pale shimoni. Anakungoja tu.

Msalimie sana shemeji, na umwambie asome na yeye. Wanangu wape mikono kwa niaba yangu, mmoja mmoja, bila kumsahau mwenye meno. Dobi anakusalimu ingawa hamjuani; anasema kama utakuja na kile kiganja chako, yeye meno bado anayo. Ni mimi niliyekufuatia tumboni, na niliyekufuta rangi usoni,

Mdogo wako,
Fundi Bati